Koili ya Pilau

Siku hizi chakula chote tunakivuta kama mvuke, na ladha hutegemea mkono wa aliyezungusha koili, waya unaokichemsha. Waya mmoja hutoa uji tu. Kwa pilau, Mashavu husokota nyaya mbili kwa plaizi, kisha huzizungusha kwenye msumari taratibu.

Alikuwa katikati ya kusokota nyaya, bintiye Tunu alipomjia akilia.

“Mama, kuna kitu kigumu kinaota mdomoni.”

Mashavu akatazama. Kwenye ufizi lilikuwa limechomoza jino jeupe.

“Ni jino, mwanangu. Bibi yako alikuwa na meno mengi.”

“Ya nini?”

Mashavu akamkumbuka mama yake akitafuna muwa, akicheka, maji yakimtiririka kidevuni.

“Ya bure tu,” akasema, akiifuta plaizi kwa kanga. “Hebu panua mdomo.”