Wadhamini wa Kanga

Enzi ambazo wanyama nao walitafuta kazi kwa barua, Nyati alitangaza kuwa anahitaji mlinzi wa ndama wake. Kanga, ndege aliyefukuzwa kila kichaka kwa sababu ya makelele yake, akaona riziki imemwita. Akakaa akaandika wasifu wake, ila lile la makelele akalimeza. Akajieleza kuwa ni mpole, mkimya, wala hasikiki nyumba ya pili.

Nyati akausoma, akaguna. "Mwanangu, fisi akija utamfanyaje? Utamwamkia?"

"Nitamtazama kwa ukali, mama."

"Haya, nenda salama. Kazi hii hutaiweza."

Kanga akatoka kichwa chini. Hata hajafika mbali, akaona nyasi zinatikisika, na katikati yake masikio ya fisi anayewanyemelea ndama. Koo likamfunguka lenyewe. Alipiga makelele mpaka pori zima likashtuka. Ndama wakamkimbilia mama yao, na fisi akatimua mbio na njaa yake.

Nyati akamfuata Kanga, akihema. "Sauti yote hii, mbona hukuiandika?"

"Niliona haya, mama. Majirani wamenifukuza kwa ajili yake."

"Wote?"

"Wote. Hakuna hata mmoja aliyenivumilia."

Nyati akacheka mpaka pembe zikatikisika. "Basi kaandike upya, uanze na sauti hiyo. Na kule chini, panapotakiwa wadhamini, niandikie majina ya majirani hao."