Kata Kushoto, Mke Wangu

Simu mpya ilikuwa bado ndani ya boksi mapajani mwa Raya. Ya zamani ilibanwa karibu na usukani, mbele ya mama yake, Bi Saumu. Kuanzia kesho, ramani ya bure iliyokuwa ikimwelekeza njia kwa sauti isingefanya kazi tena kwenye simu za aina ile.

"Si uhamishie tu sauti ya baba yako kwenye hiyo mpya?" aliuliza Bi Saumu.

"Haihamishiki, mama. Kampuni za hizi simu mbili ni kama wake wenza, hazipeani hata chumvi. Labda nikurekodie, uwe unamsikiliza."

"Nimsikilize nimekaa kwenye kochi? Huyu ni wa barabarani."

Mkewe alipoanza kujifunza gari, marehemu Mzee Idrisa alijirekodi mwenyewe maelekezo yote ya ramani ile, huku akitafuna karanga.

"Mita mia mbili mbele, kata kushoto, mke wangu," simu ikasema. "Usiwakimbize kuku wa watu."

Raya alicheka, kisha akageukia dirishani, akajifuta macho.

Njia ya kwao ikafika upande wa kushoto. Bi Saumu akaipita.

"Umepita, mke wangu. Si kitu. Geuza pale mbele."

"Mama, nyumbani ni…"

"Napajua nyumbani, mwanangu."

Pa kugeuzia pakaja, napo akapapita. Sheli ya mwisho ya mji ikabaki nyuma, na lami ikanyooka katikati ya mashamba ya mkonge.

"Umepita, mke wangu," simu ikasema, kwa upole uleule. "Si kitu."