Mchele Usio na Mawe

Mtihani ulikuwa saa nane mchana. Mwanahawa alikuwa anaurudia kwa mara ya tatu, na mwalimu mkuu alishasema hakuna ya nne. Saa nne asubuhi alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Daftari lilikuwa pembeni, amelifunika kwa kanga.

"Nani kakutuma?" shangazi yake aliuliza kutoka jikoni. "Wiki nzima nafua mimi, napika mimi, ili wewe usome."

"Namalizia hapa, shangazi. Halafu nasoma."

"Jana ulikuwa unamalizia kujalidi madaftari. Juzi umepanga viatu vya nyumba nzima. Viatu ndivyo vitakavyofanya mtihani?"

Mwanahawa alicheka kidogo, akapepeta tena. Shangazi akaja, akainama juu ya ungo. Hapakuwa na jiwe wala chuya. Mchele ule shangazi mwenyewe alikuwa ameshauchambua tangu alfajiri.

Aliuchukua ungo, akarudi nao jikoni.

Mwanahawa alibaki na mikono mitupu. Aliitazama ile kanga iliyofunika daftari. Kisha akaziona punje chache zilizodondokea mkekani.