Vioo Viwili na Nguzo ya Kati

Haya alinisimulia Paskalina mwenyewe mwaka 1997, alipokuja likizo Kharumwa kutoka Ulaya, tukimenya karanga. Huko Ulaya yeye na wenzake wanasanifu mtambo wa kuona vumbi linalozunguka nyota za mbali.

Baba yake mdogo, aliyemfukuza mama yake Paskalina na kujitwalia msonge wao, nyumba ya duara iliyobebwa na nguzo moja ya kati, alitaka aelezwe kazi hiyo. Basi Paskalina akasimama uani, akainua juani vioo viwili vya kujitazamia.

"Vioo vyetu vinakaa mbali kimoja na kingine, tunaunganisha mwanga wake. Mwanga wa nyota unajifuta wenyewe, vumbi lake linabaki likionekana."

Mianga miwili ikaingia mlangoni mwa msonge, ikakutana kwenye nguzo ya kati.

"Kumbe vinaonyesha dhahabu! Iko pale?"

"Hapana, baba mdogo. Hivi ni vya nyota tu."

"Unanificha! Mchoyo, mtoto wa mchoyo. Ndiyo maana nilimfukuza mama yako."

Mikono ya Paskalina ikatulia. Mwanga haukutikisika pale nguzoni.

"Haya. Chimba papo hapo, chini ya nguzo."

Jioni nguzo ikalegea, msonge ukaanguka. Mzee alitoka mzima, akaendelea kufukua. Wanasema Paskalina alikuwa ameshalala kwa mama yake, anakoroma, wakati baba mdogo alipoachia sururu, akajilaza juu ya kifusi, usingizi ukamchukua.