Shubiri ya Chini ya Paa

Tangu mji wetu ufunikwe paa, taa huwaka sawasawa mwaka mzima, na kiangazi kimebaki jina tu.

Leo tulimwachisha ziwa mjukuu wangu, Makame. Nilikata shubiri ya kibarazani, nikampaka binti yangu Mize kwenye chuchu, kama mama alivyonipaka mimi. Mtoto akaonja. Tukangoja kilio, akacheka, akanyonya tena.

"Mama, shubiri yako imekuwa asali!" Mize akacheka mpaka machozi.

Nami nikacheka, kisha nikalamba kidole. Maji matupu. Jua ndilo lililokuwa likiitia uchungu, na uchungu ndio dawa.

Mume wangu, mgonjwa wa tumbo, akaita kutoka kitandani: "Mama Mize, niletee kikombe changu cha shubiri. Siku hizi nainywa bila hata kukunja uso."