Doti ya Saba

Kila alipompiga mkewe, Mbwana alimletea doti ya kanga kumwomba radhi. Leo ilikuwa ya saba, na mdomo wa Sikudhani ulikuwa bado unavuja damu.

"Na huko maabara, unafanya nini kutwa nzima?" Mbwana alifoka.

"Lete mikono nikuonyeshe."

Mbwana akaitoa huku akicheka. Sikudhani akaizungushia kanga mpya, akaikaza kwa meno mpaka ikazama nyamani.

"Chukulia mikono yako ni jeni, na kanga hii ni protini. Protini inaishika DNA yenye jeni hiyo, inaikunja, inaibana kabisa. Jeni haikatwi. Ipo palepale, ila haiwezi kufanya kitu."

"Legeza, mke wangu. Vidole vinakufa ganzi."

Sikudhani akavuta sanduku uvunguni. Zile doti sita zilikuwemo, hata moja haijawahi kuvaliwa.