Vidole vya Bodaboda

Lori la majani chai lilikuwa likipanda mlima, na Gesare bado alikuwa akichambua majani yake kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umevunjika na kufungwa plasta. Karani wa kupima chai akiona majani magumu yaliyokomaa, atakataa gunia zima.

Kijana Mkipsigis wa bodaboda akapiga magoti kando yake. Gesare akayakinga majani kwa mwili. Kwao Kisii, vijana Wakipsigis walisemwa kwa ubaya tu, kuwa ni watu wa mishale na vita vya mpakani.

“Unataka nini? Mishale umeiacha wapi?”

“Leo nimekuja na vidole tu, mama.”

Kijana akajimwagia mikononi maji yake ya kunywa, akasugua oili ya pikipiki mpaka ndani ya kucha, akanusa vidole visije vikatia majani harufu.

“Natoa yapi?”

Honi ya lori ikalia. Gesare akasogea kumpa nafasi.

“Haya magumu, mwanangu. Mungu akubariki, lakini harakisha!”